Modesta Luhende na Bendera Mbili

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Mabatini mliosafiri mpaka huku Kigongo, na wageni wengine wote, mnayoisikia sasa ni historia ya Modesta Luhende, mke, mama, bibi na mwalimu, iliyoandikwa na mumewe, Mzee Antoni Mashimba, na inasomwa na mdogo wa marehemu, Mayala Luhende, kwa sababu mwandishi anaweza kuandika lakini leo hawezi kusoma kwa sauti, na ameomba isomwe kama ilivyo, bila kurukwa mstari wowote.

Si utaratibu kuanza na kifo kabla ya kuzaliwa, lakini wiki hii mambo mengi yamefanyika bila utaratibu. Marehemu aliacha agizo, mbele ya mumewe, watoto wake na muuguzi wa zamu, kwamba jeneza lake lisifunikwe bendera ya chama chochote, na kwamba pembeni ya kaburi lake asisimame mwanasiasa yeyote kuhutubia. Agizo hilo ni fupi, halina neno gumu, na hata hivyo tangu Jumanne familia haijapata nafasi ya kulia kwa utulivu, kwa sababu huu ni mwezi wa kampeni, uchaguzi ni Oktoba, na vyama viwili vinamtaka Modesta, cha zamani kwa kuwa alikipigania kabla hakijawa na ofisi wala gari, kipya kwa kuwa alikigombeza kile cha zamani kwa miaka thelathini, na hakuna hata kimoja kilichojisumbua kuuliza mwenyewe alitaka nini. Wenye vyama wapo hapa, familia inawakaribisha kama waombolezaji, na inamwomba aliyeegesha gari lenye spika juu ya mihogo ya mama mkwe wa mwandishi alisogeze kidogo.

Modesta alizaliwa tarehe 17 Mei 1932 hapahapa Kigongo, mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Luhende, mkulima wa pamba na mfugaji, na Mama Sabina, akabatizwa mwezi Julai mwaka huohuo, na kwa ushuhuda wa mama yake alianza kuuliza maswali kabla hajaanza kutembea vizuri, jambo ambalo wazazi walidhani lingepungua akikua.

Mwaka 1941 aliingia darasa la kwanza katika shule ya misheni, baba yake akiwa na nia ya kumwachisha mara atakapoweza kusoma kitabu cha sala, lakini alipoweza kusoma kitabu cha sala alikuwa ameweza pia kusoma matangazo ya serikali yaliyobandikwa bomani, ambayo mpaka siku hiyo majirani walikuwa wakiyasikia kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, kwa namna iliyompendeza mwanangwa, na Mzee Luhende akaona binti huyu aendelee. Kuanzia 1945 hadi 1948 alisoma shule ya bweni ya wasichana iliyoongozwa na masista, akaendelea na mafunzo ya ualimu 1949 na 1950, na Januari 1951 akapangiwa kufundisha katika shule moja ya wilaya, si mbali na hapa, ambako waliopita mikononi mwake bado wanakumbuka kwamba jibu sahihi lisilo na sababu alilipa nusu ya alama.

Mwaka 1953 bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alitembelea shule hiyo akifuatana na mtemi, akawaeleza walimu na wazazi faida za sheria mpya, kwamba kila mkulima atengeneze matuta kwa vipimo vilivyotolewa, na kila mfugaji apunguze ng'ombe wake mwaka hadi mwaka, kisha akauliza kama kuna swali, kwa namna ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Modesta alisimama, akauliza kwa heshima sheria hizo zilikubaliwa na nani, na huyo aliyezikubali alipewa na nani ruhusa ya kukubali kwa niaba ya wengine. Bwana shauri alitafsiriwa swali, akacheka. Mtemi hakucheka, na juma lililofuata mwalimu Modesta akapewa onyo la kwanza. Katika swali hilo ndimo ilimokuwa siasa yake yote, na wasomi waliokuja baadaye, mumewe akiwa mmojawapo, walilieleza kwa vitabu vinene kuliko lilivyohitaji.

TANU ilipozaliwa Julai 1954 ilikuwa na wanachama wengi upande huu wa ziwa, na kabla mwaka huo haujaisha matawi yake katika Kanda ya Ziwa yakafungwa, yakabaki yamefungwa mpaka 1958. Walimu wa serikali hawakuruhusiwa kabisa kujiunga. Modesta alichukua kadi Februari 1955, hakuificha vya kutosha, na Aprili 1956 akaitwa, akaambiwa achague kadi au chaki, akairudisha chaki. Mwezi uliofuata chama cha ushirika cha wakulima wa pamba kikamwajiri kuwa karani, na ni katika kazi hiyo, akizunguka kijiji hadi kijiji wakati wa msimu, ndipo alipoanza jambo ambalo wiki hii limerudishwa kwa familia yake kama hoja, kwa hiyo inabidi lielezwe kwa ukamilifu.

Katika miaka ile mkutano ulihitaji kibali, na kibali hakikutolewa, lakini hakuna mtawala aliyethubutu kukataza msiba, hivyo chama kilichofukuzwa uwanjani kilihamia kwenye matanga. Familia za wafiwa, kwa hiari yao, zilimwomba Modesta awasomee historia za marehemu wao, naye alizisoma kwa ukweli, mtu alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alimwoa nani, kisha akifika kwenye kazi alisema kwamba marehemu alilima pamba miaka ishirini na bei hakupanga yeye, alifuga ng'ombe na idadi yake hakupanga yeye, alitengeneza matuta yaliyompendeza mtu mwingine, na amekufa bila kuulizwa jambo hata mara moja. Waombolezaji walipiga ukelele, na mwanangwa, aliyekuwa amekaa mbele, hakuwa na namna ya kujua ukelele upi ni wa marehemu na upi ni wa sheria.

Agosti 1957 ilikuja habari kwamba mjumbe wa makao makuu kutoka Dar es Salaam angepita Kigongo kwa siku moja tu, na kwa bahati mbaya siku hiyo hapakuwa na mtu aliyefariki. Wazee wa tawi lililofungwa walikaa, wakazunguka, hawakupata njia, mpaka Mzee Maige, ambaye wengi hapa mlimjua, akasema, "Basi nitakufa mimi, mradi nisizikwe." Modesta alikwenda mjini kwa Mama Dolat, mwenye duka la nguo, akaomba nguo nyeupe ya sanda, na Mama Dolat, aliyekuwa amemtazama usoni kwa muda, akampa jora akisema, "Huyu wenu akifufuka, nirudishie kitambaa changu kabla hamjakikata." Maige akalazwa mkekani, akafunikwa, watu wakaja kutoka vijiji vinne, mjumbe akakaribishwa kama binamu kutoka pwani, na Modesta akaanza kusoma.

Ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba mwanangwa alikuwa rafiki wa Maige tangu utoto wa kuchunga ng'ombe. Hakuja kupeleleza. Alikuja na mbuzi wa rambirambi, akakaa chini kando ya mkeka, akalia machozi ya kweli, na akasema mbele ya watu wote, "Maige, ndugu yangu, yule dume wako nilimchukua kwa amri tu, moyo wangu haukutaka." Na kutoka chini ya sanda, kwa sauti ambayo hata waliokaa nje waliisikia, marehemu akajibu, "Mrudishe."

Wanawake wawili walikimbia. Mwanangwa akamtazama Modesta, akautazama mkeka, akasema kwamba yeye masikio yake siku hizi hayafanyi kazi vizuri, na akabaki mpaka mwisho wa mkutano. Dume alirudishwa mwezi uliofuata, jora likarudi dukani zima, na Maige, alipofunuliwa, alimwambia Modesta, "Mwalimu, umenisifu mpaka nikaona kweli tumepoteza mtu." Habari hii imesimuliwa kwa namna nyingi, nyingine zikimweka Modesta gerezani kwa sababu yake. Hakufungwa kwa hilo. Alifungwa wiki mbili Julai 1958, kwa jambo linalofuata.

Mwezi huo watu wa Geita walivuka maji kuja Mwanza kupinga baraza la wilaya ambalo serikali ilitaka kuwaundia bila ridhaa yao. Modesta alikuwa amekwenda ng'ambo kuwapokea, na ndani ya kivuko cha Busisi alikutana na kijana wa Makerere, Antoni Mashimba, aliyekuwa likizoni, mwanafunzi wa historia, amevaa viatu visivyofaa kwa safari ile, akiwaeleza abiria asili ya neno demokrasia tangu Wayunani wa kale. Modesta alimsikiliza kidogo, akamwambia, "Kaka, hawa wanavuka kwenda kupigwa mabomu ya machozi, na wewe unawafundisha neno. Shika huu mzigo." Mzigo ulikuwa wa unga, Antoni akaubeba mpaka Mwanza mjini, mabomu ya machozi yakapigwa kama ilivyotabiriwa, na Modesta akakamatwa akiwa anamwinua mzee aliyeanguka. Kijana huyo alikwenda kumwona mahabusu mara tatu, mara mbili za mwanzo akaulizwa kama amekuja na hotuba.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Januari 1960 katika kanisa Katoliki Mwanza mjini, na Mungu akawajalia watoto watatu, Getruda aliyezaliwa tarehe 4 Novemba 1961, na mapacha Kulwa na Doto waliozaliwa tarehe 22 Agosti 1964, pamoja na wajukuu saba waliopo leo. Getruda alikuwa na umri wa mwezi mmoja bendera ya nchi ilipopandishwa, na mama yake alimbeba mpaka uwanjani, akashangilia kama watu wote, akalia kama watu wote, na Januari iliyofuata, ofisa mpya, Mwafrika mwenzetu, alipokalia kiti cha bwana shauri na kuanza kuwaita wananchi "ninyi watu", Modesta akaenda ofisini kwake na mtoto mgongoni. Ofisa alimwambia kwa upole, "Mama Getruda, Uhuru tumeshaupata, sasa unatafuta nini tena?" Akajibu, "Natafuta kuonana na aliyeupata." Alisubirishwa kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa, akarudi kesho yake, na kesho kutwa yake, mpaka akapokewa.

Mwaka 1963 aliajiriwa kuwa Bibi Maendeleo, kazi aliyoifanya kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mtumbwi, akiwafundisha akina mama usafi wa maji, malezi, kusoma na kuandika, na kama walivyokuja kugundua wakubwa zake, kuuliza. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967 alilipenda kuliko mwanasiasa yeyote wa wilaya hii alivyolipenda, kwa sababu alilisoma lote. Aliwasomea wanawake mstari kwa mstari, akafika pale linapokataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha, akasimama katika kikao cha chama na kuuliza, bila kutaja jina la mtu, zile nyumba mpya pale Mabatini ni za nani. Kikao kiliahirishwa. Mumewe, aliyekuwa akifundisha historia shule ya sekondari, alimsihi jioni ile apunguze, akajibiwa kwamba anayetaka apunguze aandike kwenye Azimio wapi pa kupunguzia.

Alikuwa mjamaa, na hilo lisemwe wazi mbele ya wale ambao tangu Jumanne wamekuwa wakimgeuza kuwa kitu kingine. Aliamini mpaka mwisho kwamba watu wanaolima pamoja na kuamua pamoja hawawezi kunyonywa kirahisi, na aliamini kwa nguvu ileile kwamba neno la kuamua halimo ndani ya lori linalokuja na mgambo. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, nyumba ya Mzee Maige iliezuliwa mchana, yeye na mkewe wakapelekwa kwenye kijiji kipya ambacho hakikuwa na kisima, na tarehe 3 Novemba mwaka huohuo akafariki, safari hii kwa kweli. Modesta alisoma historia yake kwa mara ya pili. Hakuruhusiwa kusema Maige alihamishwa na nani, kwa kuwa katibu wa chama alikuwa amesimama ubavuni pake, na alipomaliza, katibu akashika nafasi, akazungumzia malengo ya uzalishaji, kilimo cha kufa na kupona na mahudhurio ya mikutano, jua limewaka, mjane wa Maige amesimama muda wote kwa kuwa haikuwa adabu kukaa kiongozi akiongea.

Modesta alimkatiza. Alisema, "Ndugu Katibu, mama huyu yuko wima tangu ulipoanza. Maliza, au mpe kiti." Katibu akatabasamu, akawageukia watu, akasema, "Mnamsikia Bibi Maendeleo? Si ndiye aliyetufundisha siasa za msibani? Leo anazikataa!" Watu wengine wakacheka. Naye akajibu kwa sauti ambayo hakuitumia mara nyingi, "Sisi tulisemea msibani kwa sababu tulifukuzwa uwanjani. Wewe uwanja unao, redio unayo, gari unalo. Umewafuata wafiwa kwa sababu wao hawawezi kuondoka." Katibu alimaliza, mjane akakaa, na baada ya Krismasi Modesta akapata uhamisho wa kwenda Ukerewe, mumewe na watoto wakabaki Mwanza kwa miaka miwili, na mwandishi wa historia hii akajifunza kusonga ugali.

Alirudi Mwanza mwaka 1977 katika idara ya elimu ya watu wazima, akastaafu tarehe 17 Mei 1987 akiwa na miaka hamsini na mitano. Katika kipindi hicho lipo jambo dogo ambalo mumewe ameombwa na watoto aliache, na hakuliacha. Kila Saba Saba ilipofika, kumbukumbu ya kuzaliwa kwa TANU, watu wa wilaya walimtafuta Mzee Mashimba, wakampa kiti meza kuu na kumtambulisha kuwa mwasisi, kwa sababu ana shahada na nywele nyeupe, wakati mkewe akipangwa kamati ya mapishi. Mzee Mashimba hakuasisi kitu chochote maishani mwake isipokuwa klabu ya historia ya wanafunzi. Aliwaambia hivyo kwa mdomo, mwaka uliofuata akawaambia kwa kipaza sauti, akawaelekeza mwasisi yuko wapi, kule penye moshi, wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake, na mwaka uliofuata wakamwekea kiti kilekile. Modesta alisema wamwache, kwani jikoni angalau watu wanajua wanapika nini.

Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, vijana wa chama kipya walifika nyumbani Mabatini, wakiwa na adabu na shikamoo za kutosha, wakamwomba bibi mpigania uhuru akae nao jukwaani. Aliwapa chai, akauliza kuhusu pamba, kwa kuwa ushirika aliousaidia kujenga ulikuwa unakufa mbele ya macho yake, na habari za wanunuzi binafsi zilikuwa zimeanza, akataka kujua mkulima wa Misungwi atapatana vipi na mnunuzi akiwa peke yake. Walijibu, "Bibi, kwanza tuingie, hayo mengine baadaye." Akawaambia kwamba jibu hilo alilisikia mwaka 1961 kutoka kwa watu wazuri kuliko wao, akawaongezea chai. Chama cha zamani kiliposikia kwamba amewakatalia kilifurahi, kikamtumia kadi mpya ya heshima, akairudisha na maelezo kwamba ya 1955 haijaisha.

Watu wengi wameuliza basi alikuwa upande gani. Alikuwa upande wa anayeuliza, na kwa sababu hiyo hakuna upande uliomtaka akiwa hai kwa zaidi ya kikombe kimoja cha chai.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 1988, akakitunza kwa nidhamu kuliko mumewe alivyotunza miwani yake, lakini kuanzia Machi mwaka huu figo zilianza kushindwa, miguu ikavimba, na tarehe 21 Agosti akalazwa katika hospitali ya Bugando. Kama angekuwa mtu asiyejulikana angeugua kwa amani. Tarehe 29 Agosti alifika Bwana Luhaga, meneja wa kampeni wa chama cha zamani, na mpiga picha, akamfunika miguu kwa khanga ya rangi za chama. Walipoondoka, Modesta alimwomba muuguzi atumie khanga ile kukausha sakafu pale jirani yake wa kitanda alipomwaga uji. Siku mbili baadaye alifika Bwana Shimba, mgombea wa chama kipya, naye na mpiga picha wake, akaushika mkono wa mgonjwa na kuuinua juu ili vidole vionyeshe alama yao. Modesta akamwambia, "Kijana, huo mkono una dripu." Picha ilipigwa. Ipo kwenye nguzo za Mabatini mpaka leo, bomba la dripu limekatwa pichani, na mkono unaonekana kuinuliwa kwa hiari.

Baada ya hapo ndipo alipotoa agizo lake, na mumewe alipomwuliza kama halitaleta matata, alisema, "Litaleta. Wewe umelalamika juu ya viti vya Saba Saba miaka kumi, safari hii lalamika mpaka wasikie." Alifariki Jumanne tarehe 12 Septemba 1995, saa tano asubuhi, Getruda akiwa amemshika mkono.

Saa nane mchana siku hiyohiyo Bwana Luhaga alikuwa sebuleni. Alisema, "Mzee wangu, shikamoo, pole sana, sisi tunataka kumuenzi tu, bendera kidogo na salamu fupi." Alipoelezwa agizo, alisema agizo la mgonjwa lina maumivu ndani yake, na kwamba hata hivyo mama mwenyewe ndiye aliyeanzisha siasa misibani. Akaambiwa kwamba hoja hiyo ilijibiwa mwaka 1974 na aliyeijibu hawezi tena kurudia. Jioni alifika Bwana Shimba, akasema angekaa kimya kwa moyo wote kama wale wangekaa kimya, na Bwana Luhaga, aliporudishiwa maneno hayo, akasema vivyo hivyo. Familia ikawakutanisha, ikawapa chai, wakakubaliana wote wawili kunyamaza, wakatoka nje, na kabla hawajafika barabarani kila mmoja akamtuma mtu arudi kusema kwamba mwenzake haaminiki. Jumatano walileta mashada. Alhamisi walileta bendera, zimekunjwa vizuri, kila moja na mtu wa kuibeba, na Getruda akaacha kumlilia mama yake ili akae mlangoni pa chumba cha jeneza na fimbo ya babu yake. Haikuwa lazima iwe hivi.

Kwa niaba ya familia, mume wa marehemu anawashukuru madaktari na wauguzi wa Bugando, hasa wa wodi ya wanawake, waliomhudumia bila kumwuliza ni wa nani, majirani wa Mabatini waliopika, waliochota maji na waliokesha, Bwana Shiraz, mjukuu wa Mama Dolat, aliyeleta sanda tangu Jumanne jioni na kukataa kuambiwa asante, wanafunzi wake wa zamani waliofika kutoka Sengerema, Ukerewe na Magu, wastaafu wenzake wa elimu ya watu wazima, wanaushirika waliobaki, kwaya, na Baba Paroko aliyevuka maji asubuhi kuja kutuhudumia. Ambao hawakutajwa wasidhani wamesahaulika.

Liko tangazo moja. Jana wazee wa ukoo, wakitaka amani, waliwaahidi wenye vyama wote wawili kwamba salamu zao zitapokelewa baada ya historia hii na kabla ya maziko, kama muda utaruhusu, na mume wa marehemu hakupinga ahadi ya wazee. Baba Paroko ana ndoa tatu kesho asubuhi ng'ambo ya Busisi, na lazima awahi kivuko cha saa kumi na nusu. Mwandishi amefundisha historia kwa miaka thelathini, anajua kipindi kinachukua muda gani, na kwa mahesabu yake msomaji akifika mstari huu itakuwa imekaribia saa kumi. Muda haukuruhusu. Tunakwenda kaburini moja kwa moja. Wenye bendera wanaombwa waziache kwenye magari, kwa kuwa udongo wa hapa ni mgumu na sepetu zipo za kutosha, Bwana Luhaga ataonyeshwa ya kwake na Bwana Shimba ya kwake, na watafukia kimya kama watu wengine.

Mama Getruda, wamesikia. Pumzika.